Oda zimejaa ndani, mikono imegoma kusuka

BARUA

Shikamoo shangazi, na kamwene kwa wote mnaosoma hapa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Kihesa hapa Iringa mjini ila kwetu ni Mufindi, kijijini ndani ndani huko jirani na mashamba ya chai. Kazi yangu ni kusuka vikapu vya milulu, mimea ya bondeni, vile vikapu vyetu vya Iringa ambavyo mgeni akija akiviona lazima aondoke na kimoja. Nimefundishwa na bibi mzaa mama, nilikuwa na miaka tisa au kumi hivi, mama aliniacha kwake akaenda kutafuta maisha Makambako. Bibi hakuwa mtu wa kukukalisha chini akwambie shika hivi shika vile, yeye alikuwa ananipa kitako cha kikapu alichokianza mwenyewe ananiambia endelea, basi, nikikosea haongei kitu, ila usiku nikishalala anafumua, asubuhi nakuta amenirudisha nyuma mistari mitano sita, hapo najua kuna mahali niliharibu, naanza tena. Wakati mwingine nilikuwa nalia kabisa shangazi. Ila ndo nilivyojua.

Enzi hizo ukifika msimu wa kukata milulu tulikuwa tunashuka bondeni wote, bibi, mama mdogo, wamama wa jirani kama sita au saba na sisi watoto nyuma, tunapita kwenye vinyungu vya watu, yaani bustani za bondeni, tunakata, tunafunga mizigo, tunachoma mahindi mabichi hukohuko, wamama wanaongea mambo yao na kuimba, kurudi jioni kichwa kinauma kwa mzigo lakini nimefurahi. Na mawazo ya kusuka yalikuwa yanakuja yenyewe sijui hata yanatokea wapi. Naona ukungu umekaa juu ya chai asubuhi, mstari mweupe, mstari wa kijani, tena mweupe, nikirudi nyumbani mkono wenyewe unataka mistari myembamba iliyokaribiana. Kuna kikapu nilikisuka baada ya kumwona yule ndege kanga kwenye shamba la mtu, yale madoa yake, kile kikapu bibi alikishika muda mrefu akakigeuza geuza, akasema tu "hapa sifumui". Mpaka leo nakumbuka.

Sasa tatizo langu. Miaka miwili iliyopita nilianza kuweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp, afu Instagram, dada mmoja wa Dar akachukua kumi, akaleta wenzake, oda zikaanza kumiminika. Nikashukuru Mungu, kwa kweli tumemalizia chumba na ada imelipwa. Lakini sasa hivi nina oda 40 ndani, nimeahidi watu mwezi na nusu, na sisuki. Namaanisha sisuki kabisa. Nakaa chini saa nne usiku watoto wamelala, nimeegemeza simu kwenye kikombe nina picha ya kastoma aliyotuma, nalowanisha milulu, nashika, mkono hauendi. Nikilazimisha kinatoka kimepinda. Wiki iliyopita nilitupa vitatu.

Na picha wanazotuma siyo vikapu vyetu. Wanatuma vya Rwanda, vile vyenye kifuniko kama kofia yenye ncha, wanatuma vya Ghana vya rangi rangi, wanasema nataka hiki hiki usibadilishe kitu. Milulu yenyewe siku hizi nanunua iliyokauka tayari, kuna kijana ananiletea, bondeni sijakanyaga muda mrefu. Nikikosa wazo naingia kwenye simu kutafuta, naangalia kazi za watu wa nje mpaka bando linaisha, nikifunga simu najiona mdogo zaidi ya nilivyoanza.

Mume wangu ni fundi magari, siyo mtu mbaya, ila anasema kazi ni kazi, mbona yeye anaenda gereji kila siku hasubiri hamu. Sina la kumjibu. Kikundi chetu cha wamama nao wananisukuma tuchukue ule mkopo wa halmashauri kwa kutumia oda zangu, nanunua milulu nyingi tunasuka kwa pamoja, mi naogopa mana oda zenyewe nimeshindwa. Binti yangu ana miaka nane kila siku mama nifundishe, namwambia subiri nimalize oda za watu. Kuna kikapu bibi alikiacha hakijaisha kiko juu ya kabati, huwa nakiangalia nasema nitakimalizia sijapata muda, bibi alifariki mwaka jana mwezi wa pili. Kikapu kimoja kikubwa nauza 20,000, milulu inanigharimu kama 4,000, rangi 1,500, na kinanichukua siku tatu.

Shangazi, kipaji kinaisha? Mana naona kama kimeisha. Niache nikauze mitumba Mlandege kama wenzangu?

Msukaji, Kihesa


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, kamwene.

Barua yako nimeisoma jana usiku nikairudia leo asubuhi na kalamu mkononi, mana kuna mambo umeyaandika kwa kirefu na kuna moja umelipitisha haraka kama mtu anayepita mbele ya wakubwa, ameinama. Hilo nitalifikia. Kwanza tumalize hesabu kwa sababu hesabu ndo imekukaba shingo kuliko unavyojua.

Oda 40, kila kimoja siku tatu. Hizo ni siku 120. Miezi minne kamili, bila Jumapili, bila msiba, bila mtoto kuumwa, bila umeme kukatika. Wewe umeahidi mwezi na nusu. Kwa hiyo ukikaa chini pale saa nne usiku, mikono inajua kabisa kwamba hata isuke vipi haitafika, na mtu yeyote ukimwambia alime ekari kumi kabla ya jua kuzama atakaa chini ya mti. Huo siyo upungufu wa kipaji. Afu tazama hela: 20,000 toa 4,000 toa 1,500 inabaki 14,500, gawa kwa siku tatu haifiki hata 5,000 kwa siku, na hapo hujaweka bando, hujaweka hela ya kupeleka mzigo stendi, hujaweka mafuta ya mgongo. Wewe unajua kibarua wa kupalilia hapo Iringa analipwaje. Bei hiyo ipandishe mwanangu. Oda za zamani maliza kwa bei mliyoelewana, ahadi ni ahadi, ila ya 41 iwe na bei mpya na uitaje bila kuomba msamaha, mtu akisema ni ghali mwambie ahsante karibu siku nyingine.

Na wale 40 waandikie wote. Leo, siyo kesho. Siyo ujumbe mrefu wa kujieleza maisha yako, sema tu kazi ni ya mkono, foleni imekuwa ndefu, chako kitakuwa tayari mwezi fulani, usipoweza kusubiri nakurudishia hela yako. Wapo watakaokasirika. Wapo watakaoondoka. Mimi nimefuma masweta ya shule Njombe kwa mashine miaka 14 na kila Januari nilikuwa na wazazi mlangoni, na ninakuhakikishia mzazi anayeambiwa ukweli mapema anakasirika siku moja, anayedanganywa anakasirika mwaka mzima na anaambia na jirani.

Sasa habari ya mume wako. Usigombane naye, ana ukweli wake. Mimi mwenyewe asubuhi za mwezi wa sita Njombe, baridi ile ya vidole kukataa kukunja, sikuwa nangoja hamu, nilikuwa nawasha jiko naota mikono naanza kazi, na hamu mara nyingi ilinikuta nimeshafika kwenye kwapa la sweta. Kwa hiyo kuhusu kukaa chini kila siku yuko sawa. Lakini gari likiingia gereji linakuja na shida yake, linagonga, linavuja, fundi anasikiliza anajua aanzie wapi. Kikapu kabla hujakianza hakipo. Hakuna kinachogonga wala kinachovuja. Ni lazima kitoke mahali, na wewe zamani kilikuwa kinatokea bondeni na kwenye ukungu na kwa yule kanga, sasa hivi unataka kitoke kwenye kioo cha simu iliyoegemezwa kwenye kikombe. Mwelezee hivo, fundi ataelewa, muulize kama anaweza kutengeneza gari kwa kutumiwa picha.

Kuhusu hizo picha ngoja nikwambie kitu, labda unakijua na mikono yako inakijua zaidi. Kile kikapu cha Rwanda chenye kifuniko cha ncha, wenyewe wanakiita agaseke, hakisukwi kama unavyosuka wewe. Kile wanachukua tita la nyasi wanalizungusha, duara juu ya duara, kama nyoka aliyejikunja, huku wanalishona kwa sindano na nyuzi za katani, kwa hiyo kinasimama kwa ule mshono. Cha kwako nyuzi zinasimama na nyingine mbili zinapishana, moja mbele moja nyuma, zinazunguka mpaka juu. Na vile vya Ghana, vya kule Bolgatanga kaskazini, majani yao wanayachana na kuyasokota kwanza kabla ya kusuka, ndo mana vina unene ule. Sasa kastoma anakwambia hiki hiki usibadilishe kitu, na mkononi una milulu. Milulu ni laini, ina namna yake ya kukunja, inataka kwenda ilikozoea. Ukiilazimisha ijifanye katani inapinda. Vile vitatu ulivyovitupa sidhani ulivisuka vibaya, uliilazimisha milulu iseme lugha siyo yake. Mimi ningekuwa wewe picha za namna hiyo nisingepokea tena, namwambia mteja mimi nasuka cha Iringa, niambie rangi unazopenda, niambie ni cha kuwekea nini, cha nguo chafu, cha mkate, cha zawadi ya harusi, mengine niachie. Atakayekubali huyo ndo wako.

Niliwahi kwenda Matema, kule Kyela ziwani, nilimsindikiza ndugu yangu kwenye msiba tukakaa siku nne. Kule kuna wamama wa Kikisi wafinyanzi, Ikombe na Lyulilo, wanafinyanga vyungu bila gurudumu, kwa mkono tu, na Jumamosi kuna gulio hapo Lyulilo, vyungu vinakuja na mitumbwi vimepangwa kama watu wamekaa. Nikamkuta mama mmoja mtu mzima, nikamuuliza mawazo ya ile michoro yake anayatoa wapi, nilikuwa nimetoka kwenye mashine ya masweta kila sweta ni kijani na mstari mweupe shingoni miaka nenda rudi, nilikuwa nauliza kwa wivu. Hakunijibu kuhusu michoro. Alinipa chungu kibichi akaniambia shika. Nikashika. Akasema hiki kizito huku, kile kizito kule, udongo wa leo siyo wa jana. Wakati ule nilidhani hajanisikia swali. Nilirudi Njombe nimekaa kama wiki mbili ndo ikaniingia kwamba alikuwa amejibu, yeye mchoro anauanza kwenye uzito wa chungu, anaanza na kile kilichopo mkononi siku hiyo.

Kwa hiyo simu iweke chumba kingine ukisuka. Na milulu usinunue yote, nenda mwenyewe bondeni hata mara moja kwa msimu, lipa nauli, nenda na mama mdogo kama bado ana nguvu, kata mzigo mmoja tu kwa mkono wako. Ukikata mwenyewe unajua mlulu huu ulikuwa kwenye maji mengi, huu ulikuwa pembeni, huu umekauka ukabaki na kijani kidogo, huu umeingia wekundu, tayari una rangi nne kabla hujagusa dukani. Yule kijana anakuletea zote zimeshakuwa kitu kimoja.

Na rangi cheza nazo, hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo raha yangu siku hizi tangu mashine niiuze. Una 1,500 ya rangi kwa kila kikapu, sawa, lakini umezungukwa na rangi za bure. Maganda ya vitunguu, Ilula hapo kuna vitunguu vingi, waombe wanaochambua sokoni wakujazie mfuko, chemsha taratibu lisaa, weka shabu kidogo ile ya kutulizia maji ili rangi ishike, inatoka njano mpaka ya kutu kulingana na ulivyojaza. Kokwa na maganda ya parachichi, hizi zetu za Njombe kila nyumba zinatupwa, kokwa katakata chemsha taratibu usiharakishe, maji yanaanza kama chai afu yanageuka, inatoka waridi iliyopoa, nzuri sana, mara ya kwanza nilimwita jirani aje aone. Majani ya chai yanatoa kahawia, na wewe umekulia kwenye chai. Ukichukua hiyo hiyo iliyotiwa chai ukaichovya kwenye maji uliyoloweka misumari yenye kutu na siki kidogo siku kadhaa, kahawia inaingia giza, inakwenda kwenye kijivu cheusi. Usitumie sufuria ya chakula, tenga sufuria kuukuu. Mimi nimejaribu kwenye uzi wa pamba, milulu itakunywa kwa namna yake, kwa hiyo anza na kitita kidogo cha vidole viwili, kiache kikauke kivulini, andika kwenye daftari umeweka nini na umechemsha muda gani. Jumapili moja mchana inatosha. Utashangaa, mtu akishachemsha sufuria tatu za rangi hakai tena kujiuliza asuke nini, zile rangi zenyewe zinadai.

Ukipata nafasi pita pale Neema Crafts, siyo mbali na wewe, wale ndugu zetu wenye ulemavu wanafanya kazi za mikono tangu 2003, wanafuma, wanatengeneza hadi karatasi kwa kinyesi cha tembo. Usiende kununua wala kuiga, nenda ukawaone watu wakiwa kazini, ukae kwenye chumba chenye watu wengine mikono inatembea. Wewe unasuka peke yako usiku, na kule kwenu ulijifunza katikati ya wamama saba.

Mkopo wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu, ni kitu kizuri na hauna riba, lakini unarudishwa, na kikundi kinachokopa kwa kutegemea mikono ya mtu mmoja ambayo imegoma kinamuwekea huyo mtu mzigo mwingine juu ya mzigo. Waambie ngojeni. Kama wamama wenyewe wanajua kusuka, wagawie sehemu ya hizo oda 40 kwanza bila mkopo, mwone mnavyokwenda, kastoma aambiwe ukweli kwamba ni kazi ya kikundi. Mkimaliza kumi kwa amani ndo mkae mzungumze hela.

Sasa nifike pale.

Umeandika kuhusu bibi yako kwa kirefu mwanzoni, bondeni, vinyungu, mahindi, kikapu cha kanga. Afu kifo chake umekiweka mwishoni katikati ya mkopo na bei ya rangi, nusu ya sentensi. Bibi alifariki mwaka jana mwezi wa pili. Pole sana mwanangu. Pole. Sijui kama kuna mtu amekupa pole ya kukaa chini, mana bibi akifa na umri wake watu wanasema amekula chumvi nyingi, wanakula msosi wa arobaini wanaondoka, na wewe siku ya pili ulikuwa na oda.

Unaniuliza kama kipaji kimeisha. Mimi naona umepoteza mtu aliyekuwa anakufumulia. Fikiria. Tangu una miaka tisa kila ulichosuka kilipita mikononi mwake, hata ulipohamia mjini nina uhakika ukienda nyumbani ulikuwa unabeba kimoja anakigeuza geuza. Hakuwa anakusifia, neno moja tu la sifa umelibeba maisha yako yote, hapa sifumui. Sasa hivi unaweka picha, watu mia wanaweka mioyo na makofi, nzuri sana dada, bei gani, na hakuna hata mmoja mwenye jicho la kuona mstari wa saba umelegea. Msukaji akikosa mtu wa kumfumulia anaanza kuhisi anachofanya hakina mtu anayekiona, na hata kikiwa kizuri moyo hauamini. Ndo mana unaingia kwenye simu usiku kuangalia kazi za watu wa nje, nadhani unamtafuta bibi humo, na humo hayumo.

Kwa hiyo naomba ufanye haya mawili na mengine yote niliyoandika juu yanaweza kusubiri.

La kwanza, kile kikapu kishushe kabatini. Usikimalizie. Najua unaona kama deni, achana na habari ya deni, kile hakikuwa oda ya mtu. Kishushe, kifute vumbi, kaa nacho kwenye mwanga wa mchana, na ukisome kwa vidole kuanzia kwenye kitako. Hesabu mistari. Tazama alikuwa anavuta kulia au kushoto, tazama alipounganisha mlulu mpya kwenye wa zamani aliufichaje, tazama kama mistari ya mwisho imelegea kuliko ya mwanzo kwa sababu mikono ilikuwa imechoka, na ukifika hapo ukilia lia, hakuna anayekudai. Alipoishia paache palivyo. Ukishamaliza kukisoma anza kipya, kidogo, kitako kile kile, idadi ile ile ya nyuzi, na hicho usikipige picha. Kipeleke kijijini. Muulize mama mdogo, au yule mama mkubwa kuliko wote kati ya wale saba mliokuwa mnashuka nao, kama bado yupo. Mpe mkononi, usimwambie kitu, na kama atakifumua mwache afumue.

La pili ni binti yako. Ana miaka nane, wewe ulikuwa na tisa. Umemwambia asubiri oda ziishe, na oda haziishi, tumeshapiga hesabu. Usimfundishe kwa maneno, hukufundishwa kwa maneno. Jumamosi hii anza kitako, fika mahali pake, mpe, mwambie endelea. Kaa pembeni yake na kazi yako. Atakosea, tena sana, na wewe nyamaza. Usiku akishalala washa taa, kaa na kile kikapu chake, na ufumue mistari mitano.